Rangi Iliyoharibika: Isuguliwe au Ikwanguliwe?

Katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ipitayo Vwawa na kufika mpakani Tunduma, bado twaziona motokaa za zamani aina ya Land Rover. Motokaa hizo zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Sehemu kubwa ya bodi zake ilifanywa kwa alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa haba baada ya Vita Kuu ya Pili. Wako watu wazipendao kama mtu apendavyo kiti cha babu yake, wala hawataki kuziacha zife. Hutafuta vipuri, hunyosha bodi, kisha humpelekea fundi azipulize rangi. Hapo ndipo lizukapo swali letu: rangi ikitoka mbaya, mwenye gari na fundi watendeane namna gani?

Swali hili laonekana dogo, lakini laweza kuvunja urafiki wa miaka mingi. Mwenye gari ametoa akiba yake, na fundi ametoa jasho lake. Kila mmoja hujiona ndiye aliyedhulumiwa.

Kwanza yafaa tuzijue kasoro zenyewe, kwa maana asiyeujua ugonjwa hawezi kuchagua dawa. Ziko kasoro za juu. Rangi ikipulizwa karibu mno hutiririka na kufanya michirizi. Ikikauka kabla ya kutandaa vema, uso wake huwa kama ganda la chungwa. Tena vumbi likiiangukia ingali mbichi huacha chembechembe, nasi twalijua vumbi la kiangazi mahali ambapo malori hupita mchana na usiku. Kasoro hizi, rangi ikiisha kukauka barabara, huondolewa kwa msasa laini wa maji, kisha uso hung'arishwa. Kazi hiyo yataka subira, kwa kuwa asuguaye kwa hasira huitoboa rangi mpaka chini.

Ziko na kasoro za chini. Alumini haishiki rangi kwa urahisi. Sharti isafishwe mafuta, ikwaruzwe kidogo, na kupakwa praima iliyotengenezwa kwa ajili yake. Fundi asipofanya hivyo, rangi hubanduka kama magamba. Tena katika Land Rover alumini hukutana na chuma mahali pengi. Maji yakikaa katikati yao, alumini huliwa ikawa unga mweupe, na rangi iliyo juu yake hufura malengelenge. Hapo msasa laini haufai kitu. Rangi ya mahali pale sharti ikwanguliwe yote, uozo uondolewe, na kazi ianzwe upya.

Basi mimi nasema hivi: dawa ya kosa ishuke kadiri kosa lenyewe lilivyoshuka, isipungue wala isizidi.

Dawa hupungua mtu anapoyaona malengelenge, akaambiwa, "Piga rangi nyingine juu yake, kisha uuze." Katika mji wa mpakani jaribu hili ni kubwa. Mnunuzi aweza kutoka mbali, akalipa, akavuka Nakonde, asionekane tena. Lakini mvua zikianza, malengelenge hurudi, naye atakuwa peke yake, hana wa kumlalamikia. Wazee walisema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Hapa jambo ni baya zaidi, kwa sababu anayeumbuliwa siye aliyeficha. Yule aliyeficha anakula fedha, na aliyeamini ndiye abebaye hasara.

Dawa huzidi mtu anapoona michirizi katika mlango mmoja, akaamuru gari zima likwanguliwe, tena bure, ili fundi "apate adabu." Kukwangua si mchezo. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wachezao karibu na gereji. Tena baadhi ya rangi za siku hizi, zichanganywazo na dawa ya kukazia, zina isosianati, iwezayo kumletea pumu yule aipulizaye bila kifaa kizuri cha kupumulia. Basi mwenye gari adaiye kazi isiyohitajiwa hupoteza rangi na siku, na pengine humpunguzia mwenziwe pumzi.

Mtu atanijibu, "Ukiwa mpole hivi, mafundi watalegea." Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Fundi aliyeiacha praima ili apate faida amevunja agano, na imempasa kuirudia kazi kwa gharama yake, hata kama itamuuma. Lakini tuulize pia upande wa pili. Ni nani aliyeleta rangi na thina ya bei ndogo? Ni nani aliyesema gari liwe tayari kabla ya arusi, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha na bodi haijakauka? Ikiwa ni mwenye gari, na fundi alimwonya, basi sehemu ya hasara ni yake. Ikiwa fundi aliona hatari akanyamaza kwa kuogopa kukosa kazi, naye ana sehemu yake.

Sisi walimu twalijua jambo hili darasani. Mtoto aliyeruka herufi moja hatumrudishi darasa la kwanza. Na mtoto asiyejua kutoa hatumpi alama kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri.

Kwa hiyo, kabla ya maneno makali, wawili hao na wasimame pamoja kwenye mwanga wa jua, walizunguke gari, wapitishe mkono juu ya bodi, na kwa kila kasoro waulize: hii imeanzia wapi? Ya juu isuguliwe. Ya chini ikwanguliwe. Na iliyo ndogo, isiyodhuru chuma wala alumini, yaweza kuachwa. Siku gari litakapouzwa, mwenye gari na amwonyeshe mnunuzi alama ile kwa kidole chake mwenyewe, naye mnunuzi atoe bei akijua anunuacho.