Nyumba njema si mlango: tuwapimeje wanaowatunza wazee waliosahau?



Katika toleo hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali ambalo limeleta maneno mengi katika familia zetu. Ndugu zetu wengi walihamishiwa Marekani kabla mpango ule haujasimamishwa Januari 2025. Wengine walisafiri pamoja na wazazi wao. Sasa baadhi ya wazazi hao wamepatwa na ugonjwa wa kusahau, na watoto wao wanapiga simu kutuuliza: je, tukimpeleka mama katika nyumba ya wazee, tutakuwa tumemtupa?

Huku kwetu majibu hutoka haraka. Wengine husema, hayo ni mambo ya wazungu, mtoto aliyezaliwa na mama hawezi kumpa mama yake mgeni amwogeshe. Wengine husema, kama nyumba hiyo ina umeme, godoro na muuguzi, basi mama ana bahati, aende. Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili yametolewa kabla ya kupima. Mmoja amelihukumu jina la nyumba, mwingine ameusifu mlango wake. Wahenga walituambia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tuingie.

Kwanza tuelewe nyumba hizo ni zipi. Huko Marekani kuna nyumba za uuguzi, ambazo ni za wagonjwa sana. Tena kuna nyumba za kuishi kwa msaada, ambamo mzee ana chumba chake, naye husaidiwa kuoga, kuvaa, kula na kumeza dawa kwa saa yake. Ndani ya nyumba nyingi za namna hii ya pili kuna sehemu iliyotengwa kwa wenye ugonjwa wa kusahau. Mlango wa sehemu hiyo hufunguliwa kwa namba za siri, ili mzee asitoke akapotea barabarani. Nyumba za uuguzi zinazopokea fedha za serikali kuu hukaguliwa kwa sheria ya nchi nzima, na tangu mwaka 2008 hupewa nyota, kuanzia moja hadi tano, ili familia ziweze kuzilinganisha. Lakini nyumba za kuishi kwa msaada hufuata sheria za kila jimbo, na nyota zile haziwahusu. Kwa hiyo familia inabaki na kazi ya kupima yenyewe.

Na ugonjwa wenyewe tuuelewe. Sio uchawi, sio laana, wala si uzee tu. Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza mbele ya wenzake mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mama mmoja aliyekuwa amepoteza kumbukumbu, na namna ya ugonjwa huo iliyo ya kawaida zaidi inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 55 duniani walikuwa na magonjwa ya namna hii, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zisizo tajiri. Kwa hiyo tusidhani kwamba ni shida ya Marekani peke yake. Wako hapa hapa katika vijiji vyetu.

Sasa tuje kwenye mizani. Mwaka 1966 daktari aitwaye Avedis Donabedian aliandika kwamba ubora wa huduma hupimwa kwa njia tatu. Huyu alizaliwa Beirut mwaka 1919 katika familia ya Waarmenia waliokuwa wamekimbia Uturuki. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa wakimbizi kama watoto wetu. Njia ya kwanza ni kuangalia vilivyopo: jengo, vitanda, idadi ya wahudumu na mafunzo yao. Ya pili ni kuangalia yanayotendwa: mgonjwa anahudumiwa namna gani. Ya tatu ni kuangalia matokeo: je, amepona, ana nafuu, au amezidiwa?

Mizani hiyo imesaidia hospitali nyingi duniani. Lakini tukimweka juu yake mzee aliyesahau, tunaona ugumu. Vilivyopo ni rahisi kuvionyesha kwa wageni, lakini zulia jipya halimlishi mtu asiyekumbuka kupeleka kijiko mdomoni. Matokeo nayo yanatatiza, maana ugonjwa huu bado hauna tiba ya kuuondoa. Hata katika nyumba bora kuliko zote, mwaka ujao mama atakuwa amesahau zaidi. Inabaki ile njia ya katikati, yaani yanayotendwa. Na hapo ndipo penye swali zito la maadili: yanayotendwa kwa mtu huyu yatashuhudiwa na nani? Mgonjwa wa malaria akitendewa vibaya hospitalini, atatoka na kusimulia. Mama huyu hatasimulia. Mtoto huja Jumapili saa tisa alasiri, naye humkuta mama amevaa vizuri. Saa nane ya usiku mtoto hayupo.

Katika miaka ya 1980 na 1990, Mwingereza mmoja wa Chuo Kikuu cha Bradford, Tom Kitwood, alitafuta njia ya kulijibu swali hilo. Yeye na wenzake waliketi saa nyingi katika vyumba wanamoketi wagonjwa, na kila baada ya dakika tano waliandika yaliyompata kila mmoja. Waliona madhara mengi ambayo hakuna mtu aliyeyakusudia. Wahudumu wawili wanamvalisha mzee huku wakizungumza wao kwa wao, kana kwamba wanavalisha kiti. Mzee anaharakishwa kula. Anaitwa kwa sauti ya kumwitia mtoto mchanga. Anauliza swali, hajibiwi. Hakuna kofi lililopigwa na hakuna kosa litakaloandikwa na mkaguzi, lakini siku nzima imepita bila mtu yeyote kumtendea kama mtu.

Hapa kuna anayeweza kutupinga hivi: ikiwa atasahau baada ya dakika kumi, upole una faida gani kwake, na ukali una hasara gani? Pingamizi hili tusilidharau, maana wako watu wema wanaoishi kulifuata bila kulisema. Tunalijibu kwa mambo mawili. La kwanza ni la elimu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Baada ya muda mfupi wengi hawakukumbuka walichokiona, lakini huzuni au furaha yenyewe ilikuwa bado imo ndani yao. Kwa hiyo mama aliyekaripiwa asubuhi husahau karipio na kubaki na uchungu, asijue umetoka wapi. La pili ni la haki. Deni halifutwi kwa sababu mdai amesahau. Mtu aliyekukopesha mbuzi akipoteza kumbukumbu, mbuzi ni wake bado. Vivyo hivyo heshima ya mzee ni yake, akiikumbuka au asipoikumbuka.

Tena lipo jambo la kufunga. Zamani katika nyumba za Marekani ilikuwa kawaida kumfunga mzee kitandani au kwenye kiti kwa mikanda. Sheria ya mwaka 1987 iliwapa wakaaji wa nyumba za uuguzi haki ya kutofungwa kwa ajili ya adhabu au kwa ajili ya urahisi wa wahudumu. Sheria hiyo ilitaja mikanda, ikataja na dawa, maana kidonge cha kumlaza mtu mchana kutwa ni kamba pia. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba baadhi ya dawa za kutuliza wagonjwa wa akili huongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Kwa hiyo nyumba iliyo kimya sana si lazima iwe nyumba yenye amani. Inafaa kuuliza ukimya huo umetoka wapi.

Wapendwa, mizani hii tuilete sasa hapa kwetu, maana haki haina uraia. Siku ya kupokea posho, wenye nguvu wote wa nyumba huenda kwenye foleni tangu alfajiri, na wengine wako shambani. Mzee aliyesahau hufungiwa ndani kwa kufuli. Sababu tunaijua: asije akatoka akaelekea ziwani, au akapotea njia ya kurudi. Hatuwalaumu wenye nyumba hizo, kwa kuwa wameshikwa na mambo mawili kwa wakati mmoja, nao wanampenda mzazi wao. Ila tuseme wazi kwamba kufuli la Nakivale na mlango wa namba wa Marekani ni ndugu. Kote kuwili mzee amefungiwa kwa usalama wake. Tofauti haipo katika kufuli. Tofauti ni kama kuna mtu pamoja naye ndani, na kama mlango unafunguliwa ili atolewe juani, asikie watu, ashike hata maharage ya kuchambua. Mzee aliye peke yake gizani mpaka saa kumi jioni hatunzwi vizuri eti kwa sababu yuko chini ya paa la mwanawe.

Kwa hiyo tunakataa kusema kwamba kila aliyempeleka mama katika nyumba ya wazee amemtupa. Tunakataa pia kusema kwamba kila aliyebaki naye nyumbani amemtunza. Nyumba zote mbili zipimwe kwa swali moja: humo ndani, nani anamjua mama huyu ni nani?

Sisi wakimbizi tunaelewa swali hilo kuliko wengi. Wengi wetu tulifika mpakani bila karatasi hata moja. Hatukuwa na cha kuonyesha kwamba sisi ni sisi. Kilichotusaidia ni jirani aliyesimama akasema: huyu namjua, ni mtoto wa fulani, anatoka Fizi, au Uvira, au Masisi, baba yake alikuwa mwalimu. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau amepoteza karatasi za ndani ya kichwa. Hawezi tena kujieleza. Anahitaji mtu wa kusimama karibu naye na kusema: huyu namjua, alikuwa mkunga, alizalisha nusu ya kijiji, hapendi chai isiyo na sukari, akisema anataka kwenda nyumbani anamaanisha Fizi. Nyumba yenye watu wa namna hiyo ni njema, hata kama kuta zake ni za udongo.

Na watu hao hawapatikani kwa bahati tu. Wako ndugu zetu wanaofanya kazi hiyo ya utunzaji huko ng'ambo, nao wanatuambia kwamba mhudumu mwenye wazee wengi mno usiku mmoja hawezi kumjua hata mmoja. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba nyumba za uuguzi ziwe na saa 3.48 za utunzaji kwa kila mkaaji kwa siku. Mwaka 2025 mahakama moja ya Texas iliibatilisha. Wenye nyumba walisema wahudumu hawapatikani na gharama ni kubwa. Hayo yana uzito, lakini upendo nao unahitaji saa na mikono. Anayetaka mama yake apendwe na mtu aliyechoka hadi kuanguka anadai kisichowezekana.

Basi kwa ninyi mliotuuliza, ushauri wetu ni huu. Nendeni katika nyumba hiyo jioni, si asubuhi tu, na msitoe taarifa ya kufika. Ulizeni usiku kuna wahudumu wangapi, na wamekaa hapo muda gani, maana mahali ambapo watu hubadilishwa kila mwezi hakuna wa kumjua mama. Ulizeni wanafanyaje mzee akikataa kuoga, na ni wangapi wanaopewa dawa za kutuliza. Ombeni kuona taarifa za wakaguzi wa jimbo. Ulizeni habari ya lugha, kwa kuwa mgonjwa wa kusahau mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani. Mama anayebaki na Kibembe au Kifuliiru peke yake atakuwa bubu katikati ya watu. Waandikieni wahudumu maisha yake kwenye karatasi moja, ibandikwe ukutani. Kisha endeleeni kwenda. Kumwogesha mnaweza kumlipa mtu, lakini kuwa mashahidi wa mama yenu ni kazi ambayo hamwezi kumwachia mwingine.

Na sisi tuliobaki hapa tuna la kufanya kabla ya siku ya posho inayofuata. Kila kijiji kinawajua wazee wake waliosahau. Akina mama, vijana na viongozi wa maombi wagawane zamu, ili mwenye nyumba akienda kwenye foleni awepo mtu wa kuketi na mzee wake. Atakayeketi asije na simu ya kuchezea. Aje na swali moja kwa watu wa nyumba: huyu mzee alikuwa nani, na alipenda nini? Jibu atakalopewa alikumbuke, maana mwenyewe hawezi tena kulishika.