Meza ya ushauri si mimbari

Shukrani zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, vijana wetu wengi wanatoa ushauri nasaha hospitalini, mashuleni na kwenye vituo vya kupima Ukimwi. Ni kazi ya kheri, ila wapo wanaoigeuza meza ya ushauri kuwa mimbari. Nami nimo. Kijana mmoja alinijia baada ya darsa, na kabla hajafika mbali nikamuuliza kama anaswali. Akasema, "Ahsante ustadh," akaondoka. Mpaka leo sijui alikuja na lipi.

Tumwangalie Mtume (s.a.w.). Imam Ahmad amepokea kwa Abu Umama kwamba kijana alimwendea Mtume kumwomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza kama angeridhia hilo kwa mama yake, binti yake, dada yake. Kisha akamwekea mkono, akamuombea. Hakuhalalisha zinaa hata chembe, wala hakumfukuza.

Msomaji atasema: huyo alikuwa Muislamu, je asiyekuwa Muislamu? Hapa Handeni swali hilo tunaishi nalo. Wazigua na Wamasai ni majirani wa siku nyingi, na tangu Juni 2022 kaya kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera. Mama wa Kimasai akifika kwa mshauri, huenda Kiswahili chake ni kidogo na imani yake si yetu. Wepesi wetu ni kumwita mwanawe atafsiri. Jamani, mama gani atasema ya chumbani mbele ya mwanawe? Ataitikia "ndiyo" kwa kila kitu, na faili litaandikwa kuwa ameelewa! Atafutwe mkalimani mtu mzima, mwanamke, asiye wa boma lake, aliyekubali kutunza siri. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inataka siri ya aliyepimwa ilindwe, na haikuuliza dini yake. Na Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa anayeombwa ushauri amebebeshwa amana.

Wapo watakaoona huku ni kuificha dini. Mama huyo akitaka kuujua Uislamu, atauliza, naye ajibiwe vizuri. Lakini leo amekuja na majibu ya damu mkononi, na nje kuna mtoto anayesubiri kunyonya.

Wabillahi tawfiq.