Kura ya Mwanamke ni Ushahidi Wake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Amma baad. Ndugu zetu wa Malindi, Mambrui na Kilifi, mama mmoja alitujia baada ya darsa akatuuliza: "Sheikh, mume wangu amekificha kitambulisho changu mpaka uchaguzi upite. Asema mwanamke hana neno katika utawala. Nikikidai, nitakuwa nimemwasi?" Hili ndilo jawabu letu, nasi twalitoa hadharani kwani twajua si yeye peke yake.

Wako wasemao kwamba jambo hili ni la Kizungu. Twawauliza: katika bai'a ya pili ya Aqaba, miongoni mwa watu sabini na zaidi waliomuahidi Mtume (s.a.w.), hawakuwamo wanawake wawili, mmoja wao Nusayba binti Kaab? Na aya ya 12 ya Sura ya Al-Mumtahana si yamwamrisha Mtume kupokea bai'a ya wanawake waumini wenyewe? Na siku ya Hudaibiya masahaba waliposita, ni nani aliyempa Mtume shauri likafuatwa, ila Ummu Salama?

Tena tuyatazame ya mwambao wetu. Wanawake wa Kizungu wa Kenya walipewa kura mwaka 1919. Lakini katika chaguzi za 1956 na 1957 mwanamke wa Kiarabu wa pwani hii alizuiwa, hata awe na elimu na mali. Unguja nako, Julai 1957, walipiga kura wanaume peke yao. Mwaka 1958 wanawake wa Mombasa wakaipelekea serikali ombi la kutaka haki hiyo. Walikuwa Waislamu, wala hawakuvua dini yao ili waombe. Unguja wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza Januari 1961, na mwaka 1963 kila mtu mzima wa Kenya akawa na kura yake.

Na sisi wenye vilemba tulikuwa wapi? Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikwisha kutuamsha katika miaka ya 1930 juu ya elimu ya binti zetu. Wengi wetu tulisikia, tukalala tena. Aibu hiyo ni yetu.

Basi jawabu ni hili. Kura ni ushahidi, na Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, yakataza kuuficha ushahidi. Kitambulisho ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe. Utiifu kwa mume ni katika mema. Kumnyima mtu haki yake si mema. Mama huyu hakuasi. Aliyeficha ndiye mwenye kutubu.

Nanyi kina mama, haki iliyopatikana kwa taabu msiiuze kwa leso na ratili ya sukari.

Ewe ndugu uliyekificha, kirudishe leo, kabla ya adhana ya magharibi.

Wabillahi tawfiq.