Aliulizwa Kwanza

Somo: Marko 10:46–52

Yeriko nzima ilijua kwamba Bartimayo haoni. Yesu naye alijua. Hata hivyo, kipofu huyo alipoitwa na kufika mbele yake, Bwana alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Wapendwa, swali hilo hunigusa kila nilisomapo. Waliomkemea anyamaze walikwisha kumwamulia mahali pake, kando ya njia. Yesu alimpa nafasi ya kusema.

Nafasi kama hiyo ilipatikana huko London, ambako shirika la kuwahudumia wasioona, wakati huo likiitwa RLSB, lilikuwa na baraza la vijana wenye ulemavu wa kuona. Hao walisema haja yao bila kificho: tunataka kusafiri wenyewe. Kutokana na haja hiyo ukazaliwa mradi wa Wayfindr, uliojaribiwa mwaka 2015 katika stesheni ya Pimlico ya treni za chini ya ardhi. Ramani za simu hutegemea setilaiti, na mawimbi yake hayafiki kule chini. Basi vikawekwa vifaa vidogo vya Bluetooth humo stesheni. Simu ikivitambua, sauti humwelekeza msafiri anyooke, ageuke, au ajiandae kwa ngazi za umeme zilizo mbele yake. Wasafiri walivaa visikizi vinavyopitisha sauti kwenye mifupa ya uso, masikio yakabaki wazi. Hapo ndipo penye hekima. Sikio la asiyeona ndilo mlinzi wake. Ukiliziba, hata kwa maelekezo mazuri, umemtia hatarini. Sisi tuonao tungeyajuaje hayo pasipo kuuliza? Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, liliidhinisha kiwango cha F.921 kilichotokana na kazi hiyo, ili nchi nyingine nazo zikitumie.

Isaya 30:21 inataja sauti itokayo nyuma ikimwonyesha mtu njia, nami namshukuru Mungu kwa kila fundi anayeitengeneza sauti ya namna hiyo. Lakini Walawi 19:14 inatukataza kumwekea kipofu kikwazo, na simu haiwezi kuondoa bodaboda iliyoegeshwa njiani wala kufunika mtaro ulio wazi. Hayo yanatungoja sisi. Pia tuache kumshika mkono asiyeona na kumvusha barabara kabla ya kujua kama alitaka kuvuka. Tunafanya hivyo kwa upendo, naam, ila ni upendo usiosikiliza.

Wazee wa kanisa, nawaomba jambo moja juma hili. Waalikeni washarika wetu wasioona, mtembee pamoja kutoka langoni hadi madhabahuni, kisha mpaka vyooni. Wao watangulie na fimbo zao nyeupe, ninyi mfuate nyuma kimya. Kamati ya ujenzi iwepo na daftari, iandike kila watakachosema.