Nani Atatwambia Aibu Zetu?

Mwanadamu huona nyuso za watu wote ila uso wake. Na katika tabia ni vivyo hivyo: ila ya jirani huiona toka ng'ambo ya mtaa, na iliyomo kifuani mwake haimshughulishi. Basi mwenye kutaka kujitengeneza atajijuaje?

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111 Miladia), amelijibu suali hili katika Ihyaa. Ametaja njia nne: kukaa mbele ya sheikh ajuaye maradhi ya nafsi, kupata sahibu mkweli wa kumchunguza mwendo wake, kufaidika na ulimi wa adui, kwani adui hamfichii mtu aibu yake, na kuchanganyika na watu, kila baya alionalo kwao alitafute nafsini mwake. Tazama, ewe msomaji: katika nne hizo hapana hata moja ya mtu kujifungia peke yake.

Jambo hili si la vyuoni tu. Watu wa kazi nao wanalijua. Vile vyombo vya mawe laini tunavyoviona katika maduka ya Mombasa hutoka Tabaka, katika nchi ya Wakisii. Mmoja huchonga, kisha wengine, aghalabu wanawake, husugua kwa maji na msasa. Mikononi mwao ndipo hudhihiri alama ya kisu ambayo mchongaji hakuiona. Asiyekubali kuambiwa ataendelea kuchonga vibaya, na atadhani anafanya vizuri.

Huko Nyamira nako mkulima wa chai hupeleka majani kituoni, na kabla ya kupimwa hukaguliwa mbele ya wenziwe. Linalotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Yaliyokomaa huambiwa ayatoe. Ni uchungu, lakini majani ya wote hupakiwa pamoja yakenda kiwanda kimoja, na uzembe wa mmoja ni hasara ya wote. Kwa hivyo anayemkosoa hamfanyii uadui.

Lakini si kila neno la jirani ni nasaha. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na kundi la watu kwa kutuhumiwa uchawi. Na sisi watu wa Pwani tusiwanyooshee kidole, kwani Kilifi pia wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo. Hapo palikuwa na maneno mengi juu ya mtu, wala hapakuwa na nasaha. Surat Al-Hujurat imetuamuru tubainishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na imekataza kupelelezana na kusengenyana.

Tofauti iko wapi basi? Nasaha husemwa kwa mwenyewe, nayo ni juu ya tendo lililoonekana, na humwachia nafasi ya kujibu na ya kutengenea. Fitina husemwa kwa wengine, nayo ni juu ya dhana, na humfungia mtu mlango. Mkulima aliyerejeshewa majani huja tena kesho na majani mazuri. Mzee aliyeuawa kwa uvumi hana kesho.

Na katika miji yetu ni lipi lililoenea? Mtu husifiwa mbele ya uso wake, na aibu zake huzungumzwa barazani akishaondoka. Kila cheo chake kikizidi, awe mwalimu, tajiri au imamu, ndivyo wanaothubutu kumwambia wanavyopungua. Twawalaumu wasengenyaji, na lawama ni haki yao. Lakini anayenuna na kulipiza kila aambiwapo, huyo naye huwafundisha watu kumsema kisogoni, kwani ameufunga mlango wa mbele.

Tufungueni mlango huo. Kila mmoja wetu achague wawili wanaomjua kazini na nyumbani, wasiomwogopa wala kumtegemea, awaulize: nini nifanyacho kinawaudhi? Kisha anyamaze asikilize. Asijitetee siku hiyo. Alale nalo, apime. Lililo kweli alitengeneze, lisilo kweli alisamehe. Na aliyemwambia amshukuru, apate kuthubutu mara ya pili.