Anga la Zambarau

"Anga gani hili la zambarau? Hata mjukuu wangu angelichora." Maneno hayo ya rafiki yangu, aliyekuwa akipekua kitabu changu cha picha za mchoraji Emil Nolde, yamenikwama kooni wiki nzima. Alikuwa amefika kwenye mandhari moja ya rangi za maji: ardhi tambarare ya majimaji imesukumwa chini kabisa, ukanda mwembamba wa buluu iliyokolea, na juu yake anga la njano na zambarau limetwaa karibu ukurasa wote.

Tazama pale njano inapokutana na zambarau. Hakuna mpaka. Nolde alipenda karatasi ya Kijapani inayonywa maji, akaiacha rangi ingali mbichi izame ndani na kuingiliana na mwenzake. Rangi ya mafuta utaikwangua upake upya. Hii ikishanywewa ndiyo basi. Mjukuu ataimwaga, sikatai. Lakini kujua wakati wa kuinua brashi, kabla zambarau haijaimeza njano yote ikawa tope, ni kazi ya miaka.

"Mbona haifanani na mahali penyewe?" Nani kasema ilikusudiwa kufanana? Nolde alizaliwa mwaka 1867 katika kijiji ambacho leo kiko Denmark, akajipa jina la kijiji hicho, na mwaka 1956 akafia Seebüll, ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Ujerumani. Aliyeijua ardhi kiasi hicho hana haja ya kutuhesabia miti yake. Alichora jinsi jioni inavyomwelemea mtu mahali pasipo hata kilima cha kulizuia anga.

Tena dai hilo la kufanana limewahi kuwa rungu. Mwaka 1937 utawala wa Hitler ulitundika picha zake mjini Munich ili watu wazizomee, na kazi zake zaidi ya 1,000 zikatwaliwa kutoka kwenye makumbusho. Linaloumiza zaidi ni kwamba Nolde mwenyewe alikuwa mwanachama wa Wanazi na aliwachukia Wayahudi. Hilo lisifichwe, liandikwe kando ya kila picha yake. Mwaka 2019 Angela Merkel, wakati huo Kansela wa Ujerumani, alizitoa ofisini kwake picha mbili za Nolde, nami namuunga mkono: ukuta wa kiongozi ni wa kuwapa watu heshima. Ukuta wa makumbusho ni wa kutazama na kuhoji, na hapo nataka anga lile libaki.