Jumanne: Amri Isiyoeleweka

Soma Danieli 2:1–24. Je, kumwuliza mkubwa sababu ya amri yake ni kumvunjia heshima?

Katika mwaka wa pili wa kutawala kwake, Nebukadreza aliwadai wenye hekima wa Babeli si tafsiri ya ndoto tu, bali na ndoto yenyewe. Waliposema haiwezekani, alighadhibika, akaamuru wauawe. Danieli alizipata habari hizo kwa Arioko, aliyetumwa kuua.

Angeweza kunyamaza na kukiita kimya chake utii, au kunung'unika pembeni. Badala yake alimwuliza Arioko kwa busara chanzo cha ukali huo, akaingia kwa mfalme kuomba muda, kisha akarudi nyumbani kuomba pamoja na Hanania, Mishaeli na Azaria.

Kumheshimu mkubwa si kujifanya umemwelewa. Anayebahatisha matakwa ya bosi wake huweza kuwaumiza wengine. Kwa kuwa Danieli aliuliza, walipona hata wenye hekima wasiomwabudu Mungu wake (fungu la 24).

Ni agizo gani kazini kwako ambalo umeogopa kuliulizia? Ni nani ataumia ukiendelea kunyamaza?